Sake kavu ya Niigata ilipogeuka ladha Dar es Salaam: chupa feki, au joto la jikoni?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nilisoma miaka miwili Nagaoka, mkoani Niigata, Japani. Huko niliipenda sake, pombe ya mchele ya Kijapani, ya kiwanda kimoja kidogo cha familia: kavu, safi, ukishameza haiachi kitu mdomoni. Niliporudi Dar es Salaam nilibeba chupa mbili. Ya kwanza tuliinywa wiki ileile, ikawa vilevile ninavyoikumbuka. Ya pili niliiweka juu ya kabati la jikoni nikingoja siku maalumu, ikakaa miezi tisa. Juzi nimeifungua: imekuwa ya manjano, inanukia kama sosi ya soya, na ina uchungu unaoganda kooni. Rafiki yangu mmoja anasema pombe haiharibiki, kwa hiyo hii ni feki. Mwingine ametafsiri lebo kwa simu akakuta ni honjozo, yaani imeongezwa alkoholi, na anadai sake halisi haiongezwi kitu. Imeandikwa pia +10, naye anaamini hiyo ni nguvu ya pombe. Je, niliuziwa kitu kibovu? Inanyweka? Na la mwisho: mke wangu ana kisukari na anatumia vidonge. Kwa kuwa sake hii ni kavu na haina sukari, anaweza kunywa kikombe kimoja pamoja nami?"

Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yanaweza kungoja na hilo haliwezi. Shemeji asinywe kikombe hicho kabla hajazungumza na daktari au muuguzi wa kliniki yake ya kisukari, na aende na vidonge vyake wavione. Sake kuwa kavu, yaani isiyo na utamu mwingi mdomoni, si kukosa sukari. Sake nyingi hubaki na gramu 3 hadi 5 hivi za wanga na sukari katika kila mililita 100. Zilizo kavu huwa upande wa chini, lakini hazifiki sifuri.

Hata hivyo, kinachonipa hofu si sukari hiyo bali ni kilevi. Mtu akikaa bila kula, hasa usiku, ini lake ndilo linaloendelea kuingiza sukari kwenye damu. Pombe ikifika, ini hushughulika nayo kwanza, na kazi ya kutengeneza sukari mpya inazorota. Mwenye afya aliyeshiba hahisi chochote. Lakini anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, kwa mfano glibenklamidi, sukari yake inaweza kushuka saa nyingi baada ya kunywa, akiwa usingizini. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake si kawaida kushusha sukari namna hiyo, ila ikikutana na unywaji mwingi, hasa kwa mwenye figo au ini dhaifu, asidi ya laktiki inaweza kurundikana mwilini, na hilo ni jambo la kulazwa hospitali.

Kibaya zaidi, dalili za sukari kushuka zinafanana na za ulevi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, ulimi kuwa mzito. Waliopo karibu husema "mwacheni alale", na hapo ndipo maisha hupotea. Yakitokea, kama anaweza kumeza mpe kitu chenye sukari papo hapo. Kama hawezi, usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Daktari wake anaweza kukataa kabisa, au kuruhusu kidogo sana pamoja na chakula. Yeye anazijua dawa zake, figo zake na vipimo vyake, kwa hiyo atakalosema ndilo la kufuata.

Sasa tuje kwenye chupa. Hukuuziwa feki, na ushahidi umeutoa mwenyewe: ulinunua chupa mbili, ya kwanza ikawa kama ulivyoijua. Rangi ya manjano, harufu ya soya na uchungu wa kooni, vyote vitatu kwa pamoja, ni dalili za sake iliyokaa muda mrefu kwenye joto. Haikutoka kiwandani hivyo. Imeugulia jikoni kwako.

Rafiki yako anayesema pombe haiharibiki nadhani anafikiria konyagi na wiski. Hizo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukakusanywa, na kilevi chake kikubwa huzilinda. Sake haimo katika kundi hilo. Ni pombe ya kuchachusha, ndugu wa bia na mvinyo, na kwa kawaida kilevi chake ni asilimia 15 au 16. Kipimo cha kawaida cha Wajapani, mililita 180, kina takriban gramu 22 za alkoholi halisi, yaani kinaizidi kidogo bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Sake kavu si lazima iwe kali kuliko sake tamu. Zinaweza kuwa na kilevi kilekile, zikatofautiana mdomoni kabisa.

Ili uone ni kitu gani hasa kimepotea katika chupa yako, ni lazima tujue ukavu unatoka wapi. Mchele una wanga, na hamira haiwezi kula wanga, inakula sukari. Kwa hiyo kila anayetaka kupata pombe kutoka kwenye nafaka ni lazima kwanza aukate wanga uwe sukari. Anayepika busaa magharibi mwa Kenya hutumia kimea cha ulezi: nafaka inapochipua hutoa vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyokata wanga. Mchele uliokobolewa hauchipui. Wajapani wakachukua njia ya ukungu. Wali uliopikwa kwa mvuke hunyunyiziwa vijimbegu vya ukungu uitwao Aspergillus oryzae, kisha huvumbikwa katika chumba chenye joto kwa siku mbili hivi, ukigeuzwa na kutandazwa usiku na mchana, mpaka kila punje iwe imeshikwa na utando mweupe. Wali huo huitwa koji. Ustadi wa kutengeneza sake kwa koji ndio UNESCO iliouingiza mwaka 2024 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na kwa maoni yangu ilichelewa.

Jambo la ajabu linafuata. Katika bia, wanga huwa umeshakuwa sukari ndipo hamira inapotiwa. Katika sake, kazi hizo mbili hufanyika ndani ya tangi moja kwa wakati mmoja. Wali, koji na maji haviingizwi vyote kwa mkupuo. Huongezwa kwa awamu tatu katika siku nne, siku ya pili ikiwa ya mapumziko ili hamira izaliane. Baada ya hapo koji inatoa sukari kidogo kidogo, na hamira inaila kadiri inavyotoka. Kwa kuwa hamira haizidiwi na sukari nyingi, inaendelea kufanya kazi mpaka kilevi kinakaribia asilimia 20, bila kukeneka. Maji huongezwa mwishoni kukishusha hadi 15 au 16.

Ukiuelewa mwendo huo, umeuelewa ukavu. Ndani ya tangi kuna mbio mbili: mbio za koji kutoa sukari na mbio za hamira kuila. Koji ikiitangulia sana hamira, sukari inabaki na sake inakuwa tamu. Hamira ikienda sambamba na koji hadi mwisho, sake inatoka kavu. Mkuu wa wapishi, anayeitwa toji, anazishika mbio zote mbili kwa joto la tangi, kwa namna alivyokuza koji yake, kwa aina ya mchele na kwa maji.

Mara nyingi utasoma kwamba maji magumu ndiyo yanayofanya sake kavu. Ni kweli kwa Nada, karibu na Kobe, ambako maji ya Miyamizu yaligunduliwa mwaka 1840. Yana madini yanayoilisha hamira, kama potasiamu, magnesiamu na fosforasi, na yana chuma kidogo mno, jambo muhimu kwa sababu chuma huiharibu sake rangi na harufu. Pombe ya huko huchachuka kwa kasi. Lakini Niigata, ulikoishi wewe, maji ni laini, ya theluji iliyoyeyuka, na ndiko kulikojulikana Japani nzima kwa sake kavu. Wamewezaje? Kwa baridi na subira. Huchachusha polepole wakati wa majira ya baridi, kwa wiki tatu hadi mwezi na zaidi. Hutumia sana mchele wa Gohyakumangoku, aina iliyopewa jina lake mwaka 1957, ambao punje zake ni ngumu kidogo na haziyeyuki ovyo ndani ya tangi. Kinachobaki mwishoni ni chepesi. Wewe ulikaa Nagaoka. Kama ulipita mtaa wa Settaya, wenye viwanda vya zamani vya sake, miso na sosi ya soya vilivyokaribiana, nadhani harufu yake unaikumbuka.

Mtindo huo una historia inayofaa kujulikana, maana inagusa pia lile la alkoholi kuongezwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Japani ilikuwa na uhaba mkubwa wa mchele. Viwanda viliruhusiwa kuinyoosha sake kwa alkoholi, glukosi na asidi mpaka kiasi kilichopatikana kikawa mara tatu ya kile ambacho mchele wenyewe ungetoa. Sake hiyo tamu, nzito na yenye kunata iliendelea kutawala hata njaa ilipokwisha. Viwanda vya Niigata, vikisaidiwa na taasisi ya utafiti wa sake ya mkoa wao iliyoanzishwa mwaka 1930, vilishika njia nyingine: nyepesi, safi, kavu. Chapa kama Koshi no Kanbai zikawa zinatafutwa kwa udi na uvumba, na kufikia miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa inaulizia sake kavu ya Niigata. Kwa hiyo ile sake uliyoipenda imetokana na watu waliokataa kuficha kitu nyuma ya utamu.

Wala usidhani sake kavu ni ile tu iliyoachwa ichachuke mpaka sukari iishe. Ingekuwa hivyo, kazi ya toji ingekuwa rahisi. Hamira ikikaa sana katika kilevi kikubwa huanza kufa, na inapokufa hupasuka na kumwaga asidi-amino zake ndani ya pombe. Sake inakuwa nzito, chungu, yenye ukakasi. Akikamua mapema, utamu umebaki; akichelewa, uchafu wa hamira umeingia. Siku ya kukamua huchaguliwa kwa vipimo vya kila siku na kwa kuonja, na katika kiwanda kidogo mara nyingi uamuzi huo uko juu ya ulimi wa mtu mmoja. Ule usafi ulioupenda, wa kumeza na kukuta mdomo mtupu, ndio hasa toji aliokuwa akiulenga.

Sasa ile +10. Ni kipimo cha uzito wa sake ukilinganisha na maji kwa ujazo uleule. Sukari huifanya sake iwe nzito kuliko maji, namba inaingia upande wa kutoa. Sukari ikipungua inakuwa nyepesi, namba inaingia upande wa kujumlisha. Sifuri ni sawa na maji. +10 ni kavu kwelikweli. Ila usiiabudu namba hiyo. Alkoholi yenyewe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo sake yenye kilevi kingi hupata namba kubwa hata kama sukari yake haijapungua sana. Asidi nayo inahesabika: sake mbili za +5, moja yenye asidi 1.1 na nyingine 1.9, ya pili utaiona kavu na yenye makali zaidi, ingawa namba ya mbele ni ileile. Kwenye lebo ukiona vipimo vyote viwili, visome pamoja.

Kuhusu alkoholi iliyoongezwa, rafiki yako ameshika jambo la kweli akalipeleka mbali mno. Sheria ya Japani inatofautisha madaraja. Junmai ni mchele, koji na maji tu. Honjozo, ginjo na daiginjo zisizo na neno junmai zinaruhusiwa kuongezwa alkoholi, isiyozidi asilimia 10 ya uzito wa mchele mweupe uliotumika. Kwa kiasi hicho huwezi kusema sake imenyooshwa kama ile ya baada ya vita. Alkoholi hutiwa siku za mwisho kabla ya kukamua. Inayavuta manukato yaliyokuwa yamenasa kwenye machicha yaingie kwenye pombe, na inaupunguza uzito wa ladha ili mwisho wake ukatike vizuri. Kisha maji yanaongezwa, kilevi kinarudi palepale kwenye 15 au 16. Si ujanja mpya: tangu enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) wapishi waliongeza pombe ya kukeneka ili sake isioze. Mimi binafsi napenda junmai nikiwa mezani na chakula kizito. Lakini kwa ule ukavu wa Niigata unaopita kama maji ya kisima, honjozo nzuri ya kiwanda kidogo siibadilishi kwa junmai ya bei mara mbili. Usiione haya chupa yako kwa sababu hiyo.

Basi joto lilifanya nini? Sake haitiwi dawa za salfa za kuihifadhi kama zilivyo mvinyo nyingi. Kinga yake ni kupashwa moto, kwa kawaida mara mbili, hadi nyuzi 60 au 65 hivi, kuua vijidudu na kuvizima vimeng'enya, kisha kuwekwa pahala penye ubaridi na giza. Ndani ya chupa bado kuna sukari kidogo na asidi-amino, na hivyo viwili huendelea kuungana taratibu, vikitoa rangi ya manjano hadi kahawia, harufu ya soya na sukari iliyoungua, na uchungu. Pamoja na hayo, sake inayozeeka kwenye joto hutoa kemikali yenye salfa iitwayo dimethili trisulfidi, ambayo pua huinasa hata ikiwa chembe tu. Hiyo ndiyo huleta harufu ya kachumbari iliyokaa. Mwanga wa jua, na hata taa za dukani, huharakisha mambo, ndiyo maana chupa nyingi ni za kahawia au kijani.

Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, mibadiliko ya namna hii huongezeka kasi takriban mara mbili. Ghala la kiwanda huko Nagaoka, wakati wa theluji, liko karibu na nyuzi 5. Juu ya kabati la jikoni Dar es Salaam, mahali ambapo hewa ya moto inapanda na kutulia, Januari na Februari ni zaidi ya nyuzi 30. Miezi yako tisa imekuwa kama miaka kadhaa. Na sake kavu huumia waziwazi kuliko tamu, kwa sababu haina utamu wa kuufunika uchungu unapoanza. Kile kilichokuvutia kwake ndicho kinachoifanya iwe dhaifu safarini.

Niseme pia kwamba uzee wenyewe si ubovu. Wajapani wana sake za kuzeeshwa kwa makusudi, rangi ya kaharabu, harufu ya njugu na uyoga mkavu, na wapo wanaozilipia fedha nyingi. Lakini hizo huandaliwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo, zikiwa na mwili wa kubeba miaka. Chupa yako haikutengenezwa kuzeeka. Ilitengenezwa inywewe ndani ya mwaka mmoja tangu iwekwe kwenye chupa.

Kabla hujaamua la kuifanyia, tazama lebo kama ina herufi 生 ndani ya neno 生酒. Hiyo ni sake ambayo haikupashwa moto kabisa, na mahali pake ni kwenye friji kuanzia siku ya kwanza. Vimeng'enya vyake bado viko hai, na huendelea kukata wanga uliosalia kuwa sukari, kwa hiyo hata ukavu wenyewe hupungua. Lakini usichanganye na 生酛, ambayo inaanza na herufi hiyohiyo na ina maana nyingine kabisa: ni njia ya kale ya kuandaa chachu, ambapo bakteria wa asidi ya laktiki huachwa waje wenyewe. Sake ya namna hiyo inaweza kuwa imepashwa moto mara mbili kama nyingine. Wengi hukosea hapo.

Kisha mimina kidogo kwenye glasi nyeupe na uitazame kwenye mwanga. Ikiwa inang'aa, haina ukungu wala mashapo yasiyokuwepo mwanzoni, na haina harufu ya siki au maziwa yaliyochacha, basi haitakudhuru kwa ubovu wake. Imepoteza uzuri tu. Ikiwa imekuwa na weupe wa maziwa, inatoa gesi, au ni chachu ya kukunja uso, ni kwamba bakteria wanaostahimili kilevi wameingia. Wajapani wanawajua tangu zamani na wanawaogopa kwa sababu wanaweza kuharibu tangi zima. Hiyo mwaga, usiionje tena. Vilevile, kama kifuniko kilikuwa kimeshaguswa kabla wewe hujakifungua, usiinywe hata ikiwa safi machoni. Na hili nakuomba ulizingatie kwa pombe yoyote, siyo sake tu: mtu akinywa kinywaji kisichojulikana kilikotoka kisha akaona ukungu machoni, akaumwa kichwa sana au kutapika, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu methanoli hula macho haraka.

Ikiwa yako inang'aa, usiitupe bado. Ijaribu ikiwa ya moto. Imimine kwenye chombo kidogo cha udongo au glasi nene, kiweke ndani ya sufuria ya maji uliyoyachemsha na kuyaepua, ingoje dakika chache mpaka ifike nyuzi 45 hivi, joto ambalo kidole kinalisikia lakini kinalivumilia. Usiichemshe moja kwa moja jikoni, maana manukato yote yataruka. Sake iliyozeeka mara nyingi hutulia ikipashwa: ile harufu ya soya hugeuka kuwa kama ya mchuzi, na uchungu hupungua makali. Haitarudi kuwa ile ya Nagaoka, nisikudanganye. Ikikushinda hata hivyo, ipeleke kwenye chakula. Vijiko viwili vitatu juu ya samaki robo saa kabla ya kumkaanga au kumchoma huondoa shombo vizuri sana, na kwenye mchuzi wa kuku na tangawizi haikosei. Kwa chungu atakachokula shemeji, iache sake ichemke vya kutosha, na mtaje hilo pia kwa daktari, kwa sababu kilevi hupungua sana kwenye moto lakini hakiishi chote.

Safari ijayo ya mtu wako Japani, mwambie akuchukulie chupa za mililita 300 badala ya 720. Utafungua moja na kuimaliza, nyingine zikibaki salama. Achague iliyopashwa moto mara mbili, yenye chupa ya rangi, na aangalie tarehe ya kuwekwa kwenye chupa kama ipo. Tangu 2023 viwanda havilazimiki kuiandika, ingawa vingi bado huiandika. Azifunge ndani ya nguo kwenye begi kubwa. Ikifika, isimamishe wima ndani ya friji, siyo kuilaza kama mvinyo, kwa sababu ikilala sehemu kubwa zaidi hugusana na hewa na kifuniko. Ikishafunguliwa, ule ukali safi wa mwisho unaanza kulegea baada ya siku chache, na ndani ya wiki moja au mbili iwe imekwisha.

Siku ya kuinywa, iweke nyuzi 10 hadi 15, siyo baridi ya barafu, kwa sababu baridi kali huificha. Inywe na samaki aina ya changu wa kuchoma, chumvi na ndimu kidogo, au pweza aliyechemshwa akalainika. Mchuzi wa nazi wenye pilipili nyingi utaimeza sake ya aina hii, hutaisikia kabisa. Na ukitaka uhakika zaidi kuhusu chupa hii uliyonayo, piga picha lebo ya mbele na ya nyuma, eleza ilivyohifadhiwa, uwaandikie kiwandani. Kijapani ulichojifunza miaka ile miwili kinatosha. Viwanda vidogo vya familia huheshimu sana barua ya namna hiyo, nao watakuambia kama ilipashwa moto mara ngapi na ni toleo gani kati ya yao linalovumilia safari ya kuja kwenye joto letu.